Habari za Kupima Mwendo wa Vidole, na Jinsi Mikono ya Wagonjwa wa Ukoma Ilivyorudishiwa Kazi

Wakati wa jubilii ni desturi kuhesabu. Twahesabu miaka iliyopita, makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, na watu waliofundishwa. Hesabu hizo ni njema, maana zatukumbusha taabu ya waliotutangulia. Lakini iko hesabu nyingine, ndogo sana, isiyoandikwa mara nyingi katika vitabu vya namna hii: hesabu ya kidole kilichokunjika juma lililopita kwa digrii 40, na juma hili kwa digrii 45. Hesabu hiyo haijengi mnara wala haipigi kengele. Lakini kwa mtu aliyekuwa hawezi kushika kijiko, hiyo ndiyo tofauti ya kulishwa na kujilisha mwenyewe. Basi twataka kuwaeleza wasomaji, na hasa walimu, jinsi waganga wa misioni katika Bara Hindi, yaani India, walivyoanza kupima mikono ya wagonjwa wa ukoma, na jinsi kipimo hicho kilivyouvunja uongo wa siku nyingi.

Mkono ulivyoumbwa

Wazee wetu walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Na kweli, kazi ya mkono ni kazi ya ushirika. Mkono mmoja una mifupa 27: minane katika kifundo, mitano katika kiganja, na kumi na minne katika vidole. Kila kidole kina viungo vitatu, isipokuwa gumba lenye viwili. Tena kuna jambo la ajabu: ndani ya vidole hamna misuli ya kuvikunja wala kuvinyosha. Misuli mikubwa ya kufumba ngumi imekaa katika kigasha, karibu na kiwiko, nayo huvivuta vidole kwa kano ndefu zipitazo kifundoni kama kamba. Misuli mingine, midogo, imo katika kiganja chenyewe. Hiyo ndogo ndiyo ivitanuayo vidole, ivinyoshayo viungo vya mbele, na kuligeuza gumba lielekee wenzake.

Misuli hii yote hupata amri kwa njia ya mishipa ya fahamu. Mmoja hupita nyuma ya kiwiko kwa upande wa ndani; ndio ule ambao mtu akiugonga mezani husikia kama umeme hata kidole cha mwisho. Wa pili hupita katikati ya kifundo cha mkono. Wa tatu huuzunguka mfupa wa mkono wa juu kwa nyuma, na huamuru misuli ya kuinua kifundo.

Mwaka 1873 daktari Gerhard Armauer Hansen wa Norway alikiona kijidudu kiletacho ukoma. Kijidudu hiki hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, na kwa hiyo hushika ngozi, na mishipa ya fahamu mahali ipitapo karibu na ngozi. Mshipa ukivimba na kuharibika, mambo mawili hufuata. Kwanza, mkono hufa ganzi. Pili, misuli midogo ya kiganja hupooza. Ndipo ile mikubwa ya kigasha huendelea kuvuta peke yake, bila wenzake wa kuizuia, na vidole hujikunja kama kucha za ndege. Mtu huyo akitaka kushika kikombe, vidole hufumbika kabla ya kukifikia.

Mambo yaliyosadikiwa zamani

Kwa muda mrefu watu wengi, na waganga pia, waliamini mambo matatu. La kwanza, kwamba nyama ya mgonjwa wa ukoma ni nyama mbovu, inayooza na kudondoka yenyewe. La pili, kwamba jeraha lake haliponi, na kwa hiyo si vema kumpasua. La tatu, lililotokana na hayo mawili, kwamba mkono uliokwisha kujikunja hauna dawa. Basi mgonjwa alitengwa, akalishwa kwa huruma, wala hakuna aliyeuchunguza mkono wake kidole kwa kidole. Wengi walimhurumia mgonjwa, waliompima hawakuwapo.

Fundi aliyekuwa mganga

Katika mji wa Vellore, kusini ya Bara Hindi, daktari Ida Scudder wa Marekani alikuwa ameanzisha kazi ya uganga mwaka 1900, kwa zahanati ya kitanda kimoja. Mwaka 1918 kikafunguliwa hapo chuo cha kuwafundisha wanawake udaktari, na baadaye wanaume nao wakapokewa. Katika hospitali hiyo alifika, mwishoni mwa mwaka 1946, daktari mpasuaji jina lake Paul Brand. Huyu alizaliwa mwaka 1914 katika milima ya Kolli, huko huko Bara Hindi, kwa wazazi wamisionari. Kabla ya kusoma udaktari London alikuwa amejifunza useremala na uashi kwa miaka kadhaa. Mafunzo hayo hayakupotea, kwa maana seremala hakati ubao asioupima.

Mwaka 1947 Brand alialikwa na daktari Robert Cochrane, bingwa wa ukoma, aitembelee hospitali ya wagonjwa wa ukoma ya Chingleput, si mbali na mji wa Madras, ambao leo huitwa Chennai. Walipokuwa wakitembea, Brand alikuwa akiitazama mikono ya watu. Akauliza sababu ya kujikunja hivi. Cochrane akamjibu kwamba yeye ni mganga wa ngozi, bali mifupa na viungo ni kazi yake Brand. Tena akamlaumu kwamba wapasuaji wa mifupa wameupuuza ugonjwa huu. Baadaye Brand akamwomba mgonjwa mmoja, ambaye vidole vyake vilikuwa vimejikunja kabisa, ambane mkono kwa nguvu zake zote. Alidhani atasikia mguso dhaifu. Kumbe alibanwa hata akasikia maumivu makali! Mkono ule uliodhaniwa kuwa umekufa ulikuwa na misuli yenye nguvu nyingi. Yule mgonjwa mwenyewe hakujua kwamba anamuumiza mwenzake, maana alikuwa hasikii kitu.

Kazi ya kupima

Mtu mwingine angaliweza kulisimulia jambo hilo kama ajabu, kisha akaenda zake. Brand na wenzake walichukua kalamu na karatasi. Wakawaita wagonjwa mmoja mmoja, hata wakafikia mamia. Kwa kila mmoja waligusa ngozi kwa unyoya na kwa pini, wapate kujua sehemu zilizokufa ganzi. Walipima mwendo wa gumba, wa vidole na wa kifundo: kila kiungo hukunjika kiasi gani, na hunyoka kiasi gani. Waliandika ni misuli ipi iliyopooza na ipi iliyobaki na nguvu. Tena walipima urefu wa kila kidole, wakaandika kilichopungua.

Kazi hiyo ilikuwa ya kuchosha, lakini haba na haba hujaza kibaba. Karatasi zilipowekwa pamoja, utaratibu ukaonekana. Ukoma haukuwa ukipoozesha misuli ovyo ovyo. Misuli ya kiganja iliyo chini ya mshipa wa kiwiko na ule wa kifundo ndiyo iliyopooza. Lakini mingi ya kigasha ilikuwa mizima, mwaka baada ya mwaka. Na ikiwa misuli mizima ipo, yaweza kupewa kazi nyingine.

Kadhalika juu ya nyama mbovu. Vipande vidogo vya nyama ya vidole vilichunguzwa kwa hadubini, na nyama ikaonekana kuwa ya kawaida, ila mishipa ya fahamu tu imeharibika. Majeraha nayo, yalipofungwa ndani ya plasta yasiguswe wala kugongwa, yalipona kama ya watu wengine. Basi, ile nguzo ya kwanza na ya pili ya imani ya kale zikaanguka, na ya tatu haikuwa na mahali pa kusimama.

Upasuaji, na maisha baada ya upasuaji

Ndipo walipoanza kupasua. Njia ilikuwa imekwisha kuonyeshwa na wapasuaji wa mikono iliyojeruhiwa, hasa Sterling Bunnell wa Marekani, aliyetoa kitabu chake juu ya upasuaji wa mkono mwaka 1944. Mpasuaji huchukua kano ya msuli mzima, huihamisha kutoka mahali pake, na kuishona upande wa kidole ili ifanye kazi ya msuli uliopooza. Mkono hufungwa plasta kwa majuma kama matatu. Plasta ikiondolewa, kazi iliyo kubwa huanza: mgonjwa hana budi kujifunza upya, maana msuli uliozoea kuinua kifundo sasa waambiwa unyoshe vidole. Kila juma kipimo huandikwa, ili mganga na mgonjwa wajue kama mwendo waongezeka, au umesimama, au warudi nyuma.

Lakini hapa pana jambo la kusikitisha, ambalo lapasa kutajwa. Baadhi ya waliopasuliwa walirudi Vellore wakiwa na njaa. Zamani, mikono yao iliyojikunja iliwavutia wapita njia watoe sadaka. Sasa mikono mizuri haikuwafaa kwa kuomba, na kwa kazi hakuna aliyetaka kuwaajiri, kwa hofu ya ugonjwa. Vidole vilikuwa vimerudi, lakini mahali pa mtu katika jamii hapakurudi pamoja navyo. Hapo waganga walitambua kwamba digrii za kiungo ni mwanzo tu wa kipimo. Wakajenga vibanda karibu na chuo, wakapaita Kituo cha Maisha Mapya, na humo wagonjwa wakajifunza useremala na kutengeneza vitu vya kuchezea watoto, ili mkono uliopona uwe na kazi ya kufanya.

Vidole vilipotea wapi?

Hata hivyo swali moja lilibaki. Kama nyama si mbovu, mbona vidole vyapungua urefu? Jibu lilipatikana kwa kuwaangalia watu wakiwa kazini. Siku moja Brand alikuwa akijaribu kufungua kufuli lenye kutu, akashindwa. Mtoto mmoja mgonjwa, mwembamba, akauomba ufunguo, akauzungusha mara moja, kufuli likafunguka. Lakini damu ikadondoka chini: ufunguo ulikuwa umekata kidole hata mfupa ukaonekana, na mtoto hakujua. Kumbe tulio wazima hatuna nguvu pungufu. Maumivu ndiyo yatuzuiayo tusijivunje wenyewe.

Tangu hapo, kila lengelenge na kila jeraha lilitafutiwa chanzo. Chanzo kikaonekana: mpini mgumu wa nyundo, kikombe cha chuma chenye chai ya moto, sufuria iliyoshikwa bila kitambaa. Mipini ikafanywa minene na laini, na wapishi wakapewa glavu. Lakini wengine waliamka asubuhi kidole kimepungua, nao jioni kilikuwa kizima. Walinzi wakakesha, na ndipo ilipojulikana kwamba panya walikuja usiku kuvitafuna vidole vya watu waliolala, wala hawakuamka kwa kuwa hawakusikia. Basi ikawa sheria kwamba mgonjwa aendaye kwao achukue paka. Uharibifu uliohesabiwa karne nyingi kuwa ni kazi ya ukoma wenyewe, sehemu kubwa ilikuwa kazi ya moto, chuma na panya.

Hivyo twaona maana ya kipimo. Mwenye mkono wenye hisi hulindwa na maumivu. Mwenye ganzi hana mlinzi huyo. Hana budi kulindwa na jicho, na rula, na daftari. Kipimo kimewekwa pale palipotoka maumivu.

Vyombo vya kupimia

Mwaka 1966 Brand alihamia Carville, katika jimbo la Louisiana, Marekani, palipokuwa na hospitali ya serikali ya wagonjwa wa ukoma, akaongoza kazi ya kuwarudishia wagonjwa uwezo kwa miaka ishirini. Huko, na katika hospitali nyingine nyingi za dunia, vyombo vya kupimia vilitengenezwa na kusahihishwa. Vichache tutavieleza.

Cha kwanza ni goniometa, yaani kipima pembe. Ni vijiti viwili bapa vilivyounganishwa kwa msumari, na duara yenye digrii. Huwekwa juu ya kiungo cha kidole, kijiti kimoja kikiufuata mfupa wa nyuma na kingine wa mbele. Kifundo cha mwanzo cha kidole kizima hukunjika yapata digrii 90, na cha kati 100 au zaidi. Kidole kikifumbwa ngumi, digrii za viungo vyake vitatu hujumlishwa, kisha hutolewa zile zilizokosekana katika kunyosha. Kidole kizima hupata jumla ya yapata 260.

Hupimwa mara mbili. Kwanza mgonjwa akunje kwa nguvu zake mwenyewe. Kisha mganga akikunje kidole taratibu kwa mkono wake. Tuseme mgonjwa afikia digrii 30, naye mganga afikia 90. Hapo kiungo ni kizima. Msuli au kano ndiyo yenye kasoro, na pengine upasuaji utafaa. Lakini kama wote wawili wafikia 30 tu, kiungo chenyewe kimekazika, na kuhamisha kano sasa ni bure. Sharti kwanza kilainishwe. Namba mbili tu, lakini humwokoa mtu asipasuliwe bila faida.

Brand aliongeza onyo. Mganga mmoja husukuma kwa nguvu, mwingine kwa upole. Basi kidole kilekile chaweza kupata namba mbili mbali mbali, na mtu akadhani kimepona. Kwa hiyo alifundisha kwamba kiungo kivutwe kwa uzito unaojulikana, kisha pembe isomwe, na uzito uleule utumike juma lijalo. Mambo hayo aliyakusanya katika kitabu juu ya nguvu na mwendo wa mkono, kilichotolewa mwaka 1985.

Cha pili ni chombo cha maji cha kupimia uvimbe. Mkono hutumbukizwa polepole katika chombo kilichojaa, na maji yanayomwagika hupimwa. Yakizidi ya jana, mkono umevimba, hata kama jicho halijaona. Cha tatu ni nyuzi za nailoni, zilizoelezwa mwaka 1960 na Josephine Semmes na Sidney Weinstein. Kila uzi hupinda kwa uzito wake maalumu. Katika kazi ya ukoma uzi wa gramu 2 hutumika sana kwa kiganja, na wa gramu 10 kwa wayo. Asiyeusikia yumo katika hatari ya kujiumiza. Cha nne ni kipimo cha nguvu ya kubana, ambacho mgonjwa hukifumbata, na mshale huonyesha kilo.

Kwa vidole vilivyokazika, Carville walitumia sana njia iliyotoka Bara Hindi: plasta nyembamba ya kidole kimoja, iliyobadilishwa kila baada ya siku chache. Kila mara kidole kilinyoshwa digrii chache tu. Kwa mtu asiye na maumivu, kulazimisha zaidi kungalirarua nyama bila onyo. Kwa hiyo namba ndiyo iliyosema, leo basi, tuache.

Siku hizi wako wanaotumia glavu zenye waya za umeme, na kamera ziandikazo mwendo wa vidole vyote kwa mara moja, hasa kwa watu waliopatwa na kiharusi. Vyombo hivyo vyasaidia. Lakini hata goniometa mikononi mwa wapimaji wawili stadi huweza kutofautiana kwa digrii 5. Na chombo cha gharama kisichotumiwa kwa namna ileile kila mara hakishindi rula iliyotumiwa kwa uaminifu.

Upande wetu wa Afrika

Kazi hii ilifika kwetu pia. Makao ya wagonjwa wa ukoma yalikuwapo Afrika ya Mashariki tangu zamani: katika Uganda, misioni zilianza kazi katika kisiwa cha Bwama, ziwa Bunyonyi, mwaka 1931, na Buluba mwaka 1934. Wakati huo kazi kubwa ilikuwa kuwapa wagonjwa makao na matunzo. Mwaka 1965 chuo cha Afrika nzima cha kufundisha kazi ya ukoma na ya kuwarudishia wagonjwa uwezo kilianzishwa Addis Ababa, katika Ethiopia, na elimu ya kupima na kupasua mikono ikaletwa karibu na waganga wetu. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza ukoma utibiwe kwa dawa kadhaa kwa pamoja, nao hupona kwa miezi 6 au 12. Dawa hutolewa bure.

Lakini dawa huua kijidudu. Haiurudishii uhai mshipa uliokwisha kufa. Kila mwaka wagonjwa wapya huonekana Tanzania na nchi jirani, na wengine hufika hospitali vidole vimekwisha kujikunja. Hapo ndipo walimu na washarika walipo na kazi. Mtu mwenye baka la ngozi lisilosikia mguso apelekwe zahanati mapema. Mwanafunzi ambaye mwandiko wake waharibika kwa kuwa kalamu yamponyoka, msimpige wala msimcheke. Mwambieni atanue vidole na kuinua gumba, mkautazame mkono wake. Udhaifu wa mshipa ukigunduliwa kabla ya miezi 6 kupita, iko dawa ya kutuliza uvimbe iwezayo kuuokoa. Na yule aliyekwisha kupona, mwenye mkono wenye ganzi, mfundisheni autazame kila jioni, kidole kwa kidole, kama mtu ahesabuye kondoo wake.

Paul Brand alifariki mwaka 2003, naye alikuwa amezoea kufundisha kwamba maumivu ni zawadi. Wasio na zawadi hiyo wanahitaji ndugu wa kuwaangalia. Kwa karne nyingi walipewa sadaka kwa umbali, lakini hakuna aliyeushika mkono wao na kuuliza, wakunjika kiasi gani leo? Swali hilo dogo, lililoulizwa kwa uvumilivu na jibu lake kuandikwa, liliwarudishia wengi kijiko, nyundo na kalamu. Basi katika hesabu zetu za jubilii, na hizo digrii tano ziandikwe.